Kuingia Canada na kibali cha kazi mipaka ikiwa imefungwa

Kwa sababu ya korona, Canada ilifungia mipaka wageni wengi tarehe 18 Machi 2020. Tarehe 26 ya mwezi huohuo ikawafungulia mlango wafanyakazi wa muda, lakini kwa masharti yaliyoendelea kubadilika hadi yalipoondolewa 1 Oktoba 2022. Mpaka ukifungwa tena tarehe zitakuwa nyingine, ila makosa yaliyofanya watu wakataliwe kwenye uwanja wa ndege yanaweza kujirudia yaleyale.

Kwanza elewa kwamba barua ya kuidhinishwa, unayopewa ombi lako likikubaliwa, siyo kibali. Kibali chenyewe huchapwa na ofisa wa mpakani ukishafika, naye ana haki ya kukuuliza upya kila kitu. Wakati wa korona swali lake kubwa lilikuwa moja: je, hiyo kazi bado ipo? Kampuni nyingi zilikuwa zimesimamisha shughuli, na mkataba uliosainiwa miezi mingi nyuma haukuthibitisha chochote. Mwombe mwajiri barua mpya, yenye tarehe ya karibuni, saini, simu inayopokelewa, na maelezo ya siku utakayoanza kazi. Iweke pamoja na pasipoti, barua ya kuidhinishwa, mkataba na nakala ya LMIA (tathmini ya serikali inayomruhusu mwajiri kuajiri mgeni) kama kazi yako inaihitaji. Chapa zote, uzibebe kwenye begi la mkononi. Karatasi iliyo ndani ya sanduku haikusaidii kitu kwenye kaunta, na simu iliyozima chaji vilevile.

Kipimo cha korona cha maabara, kiitwacho PCR, kilianza kudaiwa 7 Januari 2021, na hapo ndipo wengi walipokwama hata kabla ya kupanda ndege. Saa 72 zilihesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa, si tangu majibu yalipotoka, hadi muda wa kuondoka kwa ndege ya mwisho inayoingia Canada. Chukua msafiri anayetoka Nairobi kupitia Frankfurt wakati wa baridi. Ndege yake ya Toronto inaondoka Frankfurt Ijumaa saa 7 mchana. Kwa Nairobi hiyo ni saa 9 alasiri. Basi sampuli isichukuliwe kabla ya Jumanne saa 9 alasiri. Ukipima Jumatano asubuhi, ukapata majibu Alhamisi na kuruka usiku huo, unabakiwa na nafasi ya kutosha endapo ndege itachelewa. Ukipima Jumanne jioni, kuchelewa kwa saa chache na kuhamishiwa ndege nyingine kunaweza kuharibu safari nzima. Cheti kilipaswa kuonyesha jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, jina na anwani ya maabara, aina ya kipimo, na tarehe ya sampuli. Kipimo cha haraka cha antijeni hakikukubaliwa kipindi hicho.

Karantini ilikuwa siku 14, na faini ya kuivunja ilifika hadi dola 750,000 za Canada, kifungo cha miezi 6, au vyote viwili. Ofisa alitaka mpango unaoeleweka: anwani kamili, nani mwingine anaishi hapo, chakula kitafikaje, utasafiri vipi kutoka uwanjani bila kusimama njiani. Haya yalijazwa kwenye ArriveCAN, programu ya serikali ya Canada ya taarifa za wasafiri, ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Piga picha ya risiti yake, na uichape pia.

Suala la malipo tunalisisitiza kwa sababu ndipo wageni wanapoonewa. Mwajiri aliyekuleta kwa LMIA alipaswa kukulipa siku za karantini, angalau saa 30 kwa wiki. Kwa mshahara wa dola 15 kwa saa, wiki mbili ni dola 900 kabla ya kodi. Hakuruhusiwa kuzikata baadaye, wala kukupa kazi yoyote, hata kupaka rangi au kupanga stoo, na hata kama wewe mwenyewe umeomba. Akikupa malazi, walio karantini walipaswa kulala mbali na wasio karantini, vitanda vikiachana mita 2. Andika tarehe ya kufika na utunze kila hati ya malipo. Anayenyanyaswa na mwajiri anaweza kuomba kibali cha wazi, kisichomfunga kwa mwajiri mmoja, kwa wafanyakazi walio hatarini, mpango uliopo tangu 2019, na hapo ushahidi huo ndio utakaohitajika.

Ofisa akikukabidhi kibali, usiondoke kaunta. Soma jina, mwajiri, aina ya kazi na tarehe ya mwisho papo hapo, maana kusahihisha baadaye huchukua muda mrefu. Kibali hakizidi muda wa pasipoti: pasipoti ikibakiza miezi 8, utapewa miezi 8 hata kama mkataba ni wa miaka 2. Hivyo ibadilishe kabla ya kuomba. Ukiwa karantini, omba mtandaoni SIN, yaani namba ya bima ya jamii ya Canada, ambayo kwa wafanyakazi wa muda huanza na 9, kwa kuwa mwajiri ataitaka ndani ya siku 3 tangu uanze kazi.