Vishikio vya kupandia kwenye Land Cruiser ya zamani: tafuta chuma kabla ya kutoboa

Salaam aleikum ndugu yangu. Nimesoma swali lako nikaona nisilijibu kwa mistari miwili. Una Land Cruiser ya toleo la 70 ya miaka ya tisini, upande wa abiria hauna kishikio, mama mzazi anapata shida kupanda, na fundi amekwambia atakufungia vishikio viwili kwa skrubu za bati, zile zinazojikatia thredi zenyewe, kazi ya nusu saa. Usikubali. Vishikio weka, tena haraka, lakini si kwa njia hiyo.

Mimi nina hardtop, yaani yenye paa la bati, ya aina hiyo hiyo hapa Malindi, na abiria wangu wengi ni wazee: harusi Mambrui, hospitali, mazishi huko ndani Marafa. Gari hizi ziko juu. Mtu mzima akikosa pa kushika, atashika kilicho karibu, na kilicho karibu ni mlango. Mlango unachezacheza, hauna msimamo, na bawaba za gari la umri huo zimeshachoka. Au atashika kile kimkono cha kuvutia mlango ufunge, ambacho kimeshikwa na skrubu mbili ndani ya plastiki. Kile si cha kubeba mwili wa mtu.

Sasa skrubu za bati. Bati la ndani la nguzo, ule mhimili wa bodi kati ya kioo cha mbele na mlango, mara nyingi halifiki hata milimita moja na nusu. Skrubu ikiingia hapo inashikwa na thredi moja, ikizidi mbili. Siku ya kwanza itakaza vizuri na fundi ataivuta mbele yako uone haing'oki. Lakini mtu anayepanda havuti taratibu kuelekea chini. Anajivuta kwa ghafla, kuelekea nje, huku mwili unazunguka kuingia kitini. Kila mvuto unapanua tundu kidogo. Kisha pwani yetu inamalizia: upepo wa kusi unaleta unyevu wa chumvi, unaingia kwenye tundu lililobaki chuma kitupu, na kutu inaanza upande wa ndani usioonekana. Ukitaka kujua chumvi inafanya nini, kaangalie pikapu zinazofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Siku skrubu zikiachia, zitaachia mama akiwa na mguu mmoja hewani.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chunguza gari lako. Viwanda vingi vya Japani vilipiga bodi moja kwa matoleo yote, la bei ya juu na la bei ya chini. Toleo la juu likapewa vishikio, la chini likawekewa vifuniko vya plastiki tu. Pitisha kidole juu ya mlango, chini ya kitambaa cha dari, na kwenye nguzo ya kioo cha mbele. Ukiona vifuniko viwili vidogo vya duara au vya mstatili vilivyopangika, ving'oe taratibu kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa. Mulika tochi. Ukiona nati imechomelewa nyuma ya tundu, kazi yako imekwisha kabla haijaanza. Mara nyingi utakuta thredi zimejaa rangi ya kiwandani na vumbi lililoganda, na bolti itakataa kuingia. Usiilazimishe, utaikata nati itoke mahali pake. Pitisha tapu, kile chombo cha kukatia thredi ndani ya tundu, ya saizi hiyo na tone la mafuta, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, mpaka isafike. Saizi huwa ni M6 au M8, yaani bolti yenye unene wa milimita 6 au 8. Bolti ya M6 hufunguliwa kwa spana namba 10, ya M8 ya Toyota kwa namba 12.

Pima umbali kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, kisha nenda kwa wauza spea za mitumba na kipimo mkononi. Kishikio cha gari lolote chenye kipimo hicho kitakaa. Chagua chenye chuma ndani ya raba. Ukikikunja kwa mikono miwili kikajipinda, kirudishe. Kwa nguzo tafuta kile kisichojikunja. Vile vya dari vyenye springi ni vya kujishikia gari likirukaruka, si vya kupandia.

Kama hakuna matundu, hapo ndipo utatoboa, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kinachobeba mtu ni kile kilicho nyuma ya bati, kishikio kinafuata tu. Mimi natumia kipande cha chuma bapa cha milimita tatu, upana wa vidole viwili, urefu uzidi kishikio kidogo kila upande. Kinatobolewa na kupigwa tapu mezani, kabla hakijaingia kwenye gari. Kwa M8 tundu la tapu ni milimita 6.8, kwa M6 ni milimita 5. Kikitobolewa, kipake rangi ya zinki pande zote. Sasa unakiingizaje ndani ya nguzo iliyozibwa? Unafungua plastiki ya nguzo, utaona bodi ina matundu yake ya kiwandani, makubwa, ya kupitishia nyaya. Unafunga waya mwembamba kwenye kile chuma, unakitumbukiza kupitia tundu hilo, unakivuta mpaka kikae nyuma ya mahali ulipotoboa. Bolti ya kwanza ikishika, waya unauchomoa. Fundi mwenye subira ataimaliza kazi hii asubuhi moja.

Pale ambapo chuma bapa hakiingii kabisa, zipo nati za riveti, zile zinazokazwa kwa mashine ya mkono mpaka zikavimba nyuma ya bati. Nunua za chuma, si za aluminiamu. Zinafaa kwa kishikio cha dari. Kwa kishikio cha kupandia mtu mzima sizipendi, maana bado mzigo wote unabaki kwenye bati jembamba na zikianza kuzunguka ndani ya tundu ni taabu kuzitoa.

Kabla ya drili, angalia nini kinapita mle ndani. Kwenye nguzo ya mbele mara nyingi kuna waya wa redio na nyaya za taa ya ndani. Weka kipande cha mpira kwenye drili kama kizuizi ili ncha isizame. Usitoboe kwenye mkunjo unaoshika raba ya mlango, maji ya mvua yatafuata. Na kwa wengine wanaosoma hapa wenye gari za karibuni: ukiona neno AIRBAG kwenye plastiki ya nguzo au pembeni ya dari, usiguse. Mle kuna mfuko wa hewa uliokunjwa, na kishikio chako kitakuwa mbele yake siku utakapofunguka.

Wenye Land Rover za zamani, habari yenu ni tofauti. Sehemu kubwa ya bodi ni aluminiamu, na ukikutanisha aluminiamu na bolti ya chuma kwenye hewa ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe kuzunguka tundu. Weka washa za nailoni, paka grisi kwenye bolti, na hakikisha hakuna mahali vyuma viwili vinagusana vikavu. Bora zaidi, tafuta chuma halisi cha gari, mfano fremu ya kioo cha mbele.

Mahali pa kufunga asiamue fundi, aamue mama. Mlete garini, gari likiwa limezimwa, mwambie apande kama kawaida huku wewe umemshika. Tazama mkono wake unatafuta wapi, weka alama kwa chaki. Kumbuka anavaa buibui: mkono mmoja unanyanyua pindo lisikanyagwe kwenye ngazi, kwa hiyo ana mkono mmoja tu wa kujivutia. Mafundi wengi huweka kishikio juu sana, pale panapofaa kijana mrefu. Mzee mwenye bega linalouma hawezi kunyanyua mkono juu ya kichwa na bado akajivuta. Kwa wazee wangu, mahali palipofaa ni chini ya nusu ya nguzo, karibu na dashibodi, usawa wa kifua cha mtu aliyesimama nje. Cha pili unaweza kukiweka juu, ajishikilie akishakaa.

Kama utatengenezewa kishikio cha bomba kwa welda, kifunike. Gari likiegeshwa saa saba mchana mbele ya soko, kioo kikitazama jua, chuma kitupu hakishikiki. Mafundi wa mashua wanajua kuzungushia kamba nyembamba ya nailoni, mzunguko baada ya mzunguko umebanana, mwisho wake umefichwa chini ya mizunguko yenyewe. Inajaza kiganja, haitelezi hata mkono ukiwa na jasho, na kwa vidole vyenye baridi yabisi ni raha kuliko plastiki nyembamba. Hao hao mafundi wa mashua ndio watakaokuonyesha bolti za stenlesi. Kwa bodi ya chuma yenye rangi nzuri zinafaa. Zipake grisi pia.

Wanaokaa nyuma usiwasahau. Mkanda mpana wa nailoni, ule wa kufungia mizigo, ukizungushwa kwenye nguzo mbili za chuma za mto wa kichwa wa kiti cha mbele na kushonwa kitanzi, unamsaidia mtu kujinyanyua akitaka kushuka. Ufungwe kwenye chuma, si kwenye kitambaa cha kiti, na kiti chenyewe kiwe kinajifunga vizuri kwenye reli zake.

Ukimaliza, jaribu wewe kwanza, na uwe ndiye mzito zaidi nyumbani. Shika kwa mikono miwili, ning'inia, jirushe kidogo kuelekea nje. Weka kidole cha mtu mwingine pembeni ya kishikio asikie kama bati linapumua, yaani linaingia na kutoka. Likipumua, chuma cha nyuma ni kifupi au hakijakaa sawa, fungua urudie. Baada ya wiki chache za barabara ya vumbi kaza tena, maana rangi na plastiki chini ya kishikio hujibana na bolti hulegea.

Kesho asubuhi ng'oa vile vifuniko uangalie. Ukikuta nati, nipe umbali wa tundu kwa tundu na namba ya spana, nitakwambia kishikio cha gari gani ukiulizie.