Kabla hujamlaumu urchini kwa tumbawe lililopotea

Asubuhi moja niliwasha taa za tangi langu la viumbe wa bahari nikakuta kipande cha tumbawe nilichokilea kwa miezi mitano hakipo mahali pake. Wiki moja kabla ya hapo nilikuwa nimemwingiza urchini wa bahari, yule kiumbe wa duara mwenye miiba kama nungunungu, na hukumu niliitoa papo hapo kwamba amekula. Nilimtafuta kwa hasira, nikamkuta kwenye kona ya nyuma, chini ya kivuli cha pampu, amejitwika kile kipande utosini, kama inafaa kusema kwamba urchini ana utosi. Kilikuwa kizima kabisa, ila polipu zake, yaani vile viumbe vidogo vinavyounda tumbawe, zilikuwa zimejikunja kwa sababu kilikuwa kimepinduliwa juu chini.

Nimewafuga urchini pamoja na matumbawe kwa miaka kadhaa tangu siku hiyo, nami nimefikia maoni kwamba karibu kila hasara wanayolaumiwa huwa na chanzo kimoja kati ya viwili: kitu ambacho mwenye tangi hakukigandisha kwa gundi, au njaa ambayo mwenye tangi hakuiona.

Ili kulielewa jambo hili inafaa kujua jinsi anavyokula. Mdomo wake uko upande wa chini, nao una meno matano yanayoendelea kukua maisha yake yote, yakishikiliwa na kiunzi ambacho wataalamu wamekipa jina la taa ya Aristotle. Konokono hupitisha ulimi juu ya jiwe na kuondoka na utando wa juu tu, lakini urchini hukwangua, na anapokwangua huondoa mwani pamoja na unga wa jiwe lenyewe. Ndiyo maana utaona vijidonge vyeupe vimetapakaa mchangani alikopita. Kwa sababu hiyo hawezi kuubagua mwani wa chokaa, ule unaoyapaka mawe rangi ya waridi na zambarau, na ambao baadhi yetu tumeusubiri mwaka mzima. Ataacha njia nyeupe juu yake. Mimi naiona gharama hiyo kuwa ya haki, kwa kuwa mwani wa chokaa huota tena, ilhali mwani wa nywele ukishazingira shina la tumbawe huliziba taratibu mpaka tishu inakufa. Katika bahari ya Karibi, mwaka 1983 na 1984, ugonjwa uliwaua zaidi ya tisa ya kumi ya urchini wa miiba mirefu aina ya Diadema antillarum katika sehemu nyingi, na baada yao mwani uliifunika miamba kiasi kwamba matumbawe machanga yalikosa pa kushika. Kazi waliyokuwa wakiifanya huko ndiyo tunayowaomba waifanye ndani ya tangi.

Hata hivyo si kila urchini anafaa, na hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda mwingi zaidi kabla ya kununua. Kwa tangi la nyumbani la ukubwa wa kawaida, chaguo langu la kwanza ni Mespilia globulus, mwenye mistari mipana ya buluu au nyeusi isiyo na miiba, ambaye hukua hadi upana wa sentimita 5 hadi 7 hivi. Miiba yake ni mifupi, hupenya kati ya vipande bila kuangusha vingi, na kasoro yake kubwa ni ile tabia ya kujitwika vitu. Diadema setosum ni mzuri sana wa kutazama na ni mlaji hodari wa mwani, lakini miiba yake inaweza kufika sentimita 30, hivyo katika tangi dogo kila anapogeuka huchoma au husukuma kitu; huyo anahitaji tangi kubwa lenye mapango ya kujificha mchana. Tripneustes gratilla hukua hadi sentimita 15 hivi, na hamu yake ni kubwa kiasi kwamba huko Hawaii amekuwa akizalishwa na kuachiwa katika ghuba ya Kāneʻohe ili ale mwani vamizi. Mnyama wa kazi ya ghuba nzima atamaliza chakula cha tangi lako haraka kuliko unavyodhani. Urchini wenye miiba minene kama penseli, hasa Eucidaris tribuloides, mimi siwaweki kabisa penye matumbawe, kwani wao hula pia sponji na viumbe wengine waliojishikiza mawe, na tumbawe si salama mbele yao. Na ukikutana na Toxopneustes, ambaye vibanio vyake, vile vikucha vidogo vilivyo kati ya miiba, vimefunguka kama maua madogo, mpite bila kumgusa, maana sumu yake ni hatari kwa binadamu.

Baada ya kuchagua, gandisha kila kitu. Mawe makubwa yawekwe juu ya sakafu ya tangi kabla ya kumwaga mchanga, ili yasitegemee mchanga unaoweza kuhamishwa. Vipande vya matumbawe mimi huvishika kwa tabaka tatu: gundi ya jeli inayoganda hata ndani ya maji, kisha donge la gundi ya epoksi inayokandwa kama udongo, kisha jeli tena. Gundi moja peke yake imeniangusha zaidi ya mara moja. Kipande kilichochomekwa tu kwenye tundu la jiwe, hata kama kimekaa imara mbele ya mkondo wa pampu, ni kofia inayomsubiri mwenyewe. Matumbawe yenye nyama nyingi yanayokaa mchangani hayawezi kugandishwa, kwa hiyo ninayaweka mbali na kuta na mawe anayopenda kupanda. Akiyapitia hujikunja, kisha hufunguka tena baadaye. Kama tangi lako ni la akriliki, yaani plastiki ngumu, badala ya kioo, ujue kwamba meno yale yanaweza kulichubua, na mikwaruzo haiondoki kwa kufuta.

Njaa ndiyo kosa langu la pili, na lilinigharimu zaidi. Urchini wangu wa kwanza alisafisha mawe yote kwa muda mfupi, nikafurahi na kuwaonyesha wageni, bila kujiuliza kwamba jiwe safi ni sahani tupu. Alianza kukwangua kingo za tumbawe gumu pale lilipokuwa likitambaa juu ya jiwe, kisha miiba ikaanza kudondoka mmoja mmoja, na nilipoelewa nilikuwa nimechelewa. Siku hizi, mara tu mawe yanapoonekana meupe, ninamfungia kipande cha mwani mkavu wa karatasi kwenye jiwe dogo na kukiweka njiani mwake jioni, mara mbili au tatu kwa juma, na kinachobaki ninakitoa asubuhi. Kwa sababu hiyo hiyo simwingizi mnyama wa namna hii katika tangi jipya. Nasubiri miezi kadhaa mpaka mwani uwe umeota wa kumtosha.

Jambo jingine linalohusu lawama: ukimkuta amekaa juu ya tumbawe lenye sehemu nyeupe, usikimbilie kumtoa. Mara nyingi tishu ilikufa kwanza kwa sababu nyingine, mwani ukaota juu ya mfupa uliobaki wazi, naye akaja wa tatu kuula mwani huo. Mtazame usiku kwa tochi yenye mwanga mwekundu, siku mbili au tatu mfululizo, ujue anaanzia wapi. Pima maji pia, kwa kuwa ugomvi wa kweli kati ya viumbe hawa huweza kuwa wa madini: tumbawe gumu hujenga mfupa wake na urchini hujenga gamba na miiba kutoka kalisiamu na kabonati ile ile iliyomo majini. Mimi hushikilia kalisiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, ugumu wa kabonati kwenye 8 au 9 kwa kipimo chake kiitwacho dKH, chumvi gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na joto la nyuzi 25. Dawa yoyote ya samaki yenye shaba isiingie kabisa.

Urchini hawezi kurekebisha chumvi ya mwili wake inapobadilika ghafla, kwa hiyo siku ya kumleta mdondoshee maji ya tangi tone kwa tone kwa saa moja na nusu au mbili. Usimbandue kwa nguvu kutoka kwenye ukuta, kwani miguu yake ya mirija hukatika. Msukume polepole kwa kadi laini mpaka aachie. Miiba michache ikidondoka siku za mwanzo si msiba, lakini ikidondoka kwa wingi na yeye asipojishikiza tena, mtoe mapema, kwa sababu akifia ndani huoza na kupandisha amonia. Vaa glavu nene. Mwiba ukikuchoma, tia mkono katika maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45, kwa nusu saa au zaidi, na kama umeingia kwenye kiungo nenda kwa daktari.

Kuhusu kofia, nimeacha kushindana naye. Kwenye kona ile ya nyuma ninamwekea magamba matupu ya konokono manne au matano, na asubuhi nikiwasha taa huwa ninaangalia kwanza amechagua lipi.