Kwa mawe ya Mwanza, chukua gari la rimoti la kupanda

Kaka, umeuliza ununue gari la mbio au lori la matairi makubwa, na umesema unakaa Bwiru, hapa Mwanza kwenye mawe mengi. Kwa Bwiru mimi ningeyaacha yote mawili nichukue lile la kupanda mawe, la polepole lenye nguvu. Mawe tunayo bure mpaka mlangoni. La mbio utalichezea wapi, barabarani na bodaboda?

Tafuta saizi ya 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, vipuri vyake ni vingi. Kabla hujalipa, uliza kama gia na ekseli zinauzwa peke yake. Yale ya watoto, jino la gia likivunjika umetupa gari zima. Mota ya brashi, ile yenye vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme ndani, inatosha kuanzia, na kwenye mwendo wa pole inatii vizuri.

Betri ya lipo (lithiamu polima, ya kuchajiwa) ya seli 2 ni volti 7.4. Usiiache kwenye chaji ukalala, na kila seli isishuke chini ya volti 3. Yangu ilivimba kama andazi kwa uzembe huo huo.

Ukilipeleka ufukweni, mchanga ndio adui. Hata kama limeandikwa haliingizi maji, ukirudi nyumbani lisafishe, kausha beringi, zipake oili.