Kabla Hujanunua Sarafu kwa Kuwa Bei Yake Inapanda

Wengi wanaoanza kukusanya sarafu na stempu huuliza kwanza kitu kina umri gani, ilhali kinachopanga bei ni vingapi vimebaki na ni watu wangapi wanavitaka. Stempu ya Penny Black ya Uingereza ilitoka mwaka 1840, nayo ndiyo stempu ya kwanza ya posta duniani ya kubandikwa kwa gundi; lakini zilichapwa takriban milioni 68, na kwa kuwa stempu ilibandikwa juu ya karatasi ileile ya barua iliyokunjwa, aliyehifadhi barua aliihifadhi na stempu yake, hivyo nyingi zimebaki.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Tabora. Mwaka 1916 Wajerumani, wakiwa wamefungiwa njia ya bahari na vita, walipiga sarafu zao humo humo mjini. Ile ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo, idadi yake haikuzidi sana 16,000, na inagombewa na wakusanyaji wa dhahabu, wa sarafu za makoloni na wa historia ya vita kwa pamoja. Sarafu za heller 20 (heller ilikuwa sehemu ndogo ya rupia) za mji huohuo zilipigwa zaidi ya milioni moja, na anayeanza anaweza kuzimudu, ingawa historia yake ni ileile.

Walanguzi huvuruga hesabu hii. Sarafu ya senti 5 ya Marekani iliyopigwa Denver mwaka 1950 ilitolewa kwa idadi ndogo, milioni 2.6 tu, na habari hiyo ilijulikana mapema, hivyo watu wakazihodhi zikiwa mpya kabisa. Kufikia mwaka 1964 moja iliuzwa kwa dola 30 hivi, kisha bei ikaporomoka, kwa sababu wanunuzi wengi hawakuwa wakusanyaji bali watu waliosubiri kuuza, na sarafu walizozificha zilikuwa bado zipo, safi, zikingoja kurudi sokoni. Hadi leo iliyochakaa kwa matumizi ni vigumu kuipata kuliko mpya.

Kwa hiyo bei inapopanda ghafla, chunguza nani ananunua. Kisha muulize muuzaji angeinunua kwako kwa kiasi gani wiki hiyohiyo; jibu lake, si bei ya kwenye katalogi (kitabu cha orodha ya bei), ndilo litakalokuonyesha mahitaji ya kweli.