Ukuta wa Jikoni na Rafu ya Baba Yako

Mwanangu Wafula,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimevaa miwani. Unauliza kama mvunje ukuta ulio kati ya jikoni na sebule katika hiyo nyumba yenu ya zamani ya Kibos, huko Kisumu. Atieno anataka uvunjwe, wewe hutaki, na fundi yuko tayari kwa lolote bora alipwe kila Jumamosi. Kisha ukamalizia, "Mama, wewe sema tu, tutafuata." Hapo ndipo nilipoiweka simu chini nikaenda kuchambua mboga.

Kabla ya ukuta, maji. Najua unacheka. Najua wewe na dada zako mlikuwa mkiniigiza nyuma ya mlango: "Kwanza maji, halafu urembo!" Igizeni tu. Nyumba ya zamani mwenyewe ni maji. Ninyi mliolipa, mkakamuliwa na ule ushuru wa stempu wa asilimia 4, ni wapangaji wake. Hujanunua kopo hata moja la rangi, simama nje na mwavuli mvua ikinyesha, utazame maji ya paa yanaangukia wapi. Gata ikitoboka mahali pamoja tu, msingi unalowa upande mmoja, na upande wa pili haujui habari.

Kwenu hatari ni kubwa kuliko huku kwetu. Huku Nakuru tumekalia majivu ya volkano, huko mmekalia udongo mweusi wa uwanda wa Kano. Ule ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa mpaka mkono unaingia kwenye nyufa zake, na nyumba iliyo juu yake inapanda na kushuka pamoja nao. Ule ufa wa chumbani kwa Neema ulionitumia picha, unaopanda kama ngazi kufuata maungio ya mawe, msiuzibe bado. Ndiyo, nasema mimi, mwalimu niliyewaimbisha watoto wa watu methali ya ufa na ukuta kwa miaka 34. Methali hiyo haikutungwa Kibos. Chukua penseli, weka alama kwenye ncha zote mbili za ufa, andika na tarehe. Pachika plasta kidogo katikati yake, upana wa kiganja. Plasta ikipasuka, nyumba bado inatembea. Pima Februari jua likiwa kali, pima tena Mei masika yakielekea mwisho. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga wakati wa mvua ni pumzi ya udongo. Unaopanuka na kukataa kurudi, huo mwitieni mhandisi, si fundi wa Jumamosi. Na mkaratusi ulio karibu na dirisha lake msiufyeke kwa hasira. Unanyonya maji upande huo, ni kweli, lakini udongo uliozoea kukaushwa miaka yote, mti ukiondoka, maji yanarudi na udongo unainuka.

Kuna jambo moja ambalo silifanyii majadiliano. Yale mabati mazito ya kijivu kwenye banda la gari, yenye mawimbi makubwa, yanaonekana kuwa ya asbesto. Asivunje mtu, asikate, asisugue kwa brashi, na Neema asicheze pale. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006, na hadi leo kuiondoa ni kazi ya watu wenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira, wanaoilowesha kwanza ili vumbi lisiruke. Yule kijana wa nyundo mnayemlipa kwa siku hana leseni hiyo. Hilo nimesema kama mama, na hamna ruhusa ya kulipigia kura.

Sasa ukuta. Panda darini na tochi, wewe na Atieno, wote wawili. Tazameni kama mbao za paa zimeukalia ukuta huo au zinapita juu yake bila kuugusa. Nyumba nyingi za umri huo hazina ule mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta zote, kwa hiyo ukuta wa ndani unaweza kuwa umebeba nusu ya paa huku ukijifanya umebeba saa na kalenda. Kama umebeba, kuuvunja kunahitaji boriti iliyopigiwa hesabu, na hiyo ni pesa ya gata, ya nyaya za umeme na ya choo mkizijumlisha.

Hayo ndiyo uliyoniuliza. Lakini siyo yaliyonikosesha usingizi.

Mwaka 1997 ulikuwa darasa la pili. Unakumbuka turubai la buluu, maana mpaka leo unalisimulia kama hema la sikukuu. Hukumbuki lilifikaje pale. Tulikuwa tumeinunua hii nyumba mwaka uliotangulia, kwa yule mzee aliyestaafu reli, na mabati yake yalikuwa yametoboka mpaka usiku tukihesabu nyota tukiwa kitandani. Baba yako akasema tuezue Oktoba. Mimi nikasema tungoje Januari. Redio ilikuwa inataja El Niño kila jioni, na hata asiyejua El Niño ni nini angeangalia tu mawingu juu ya Menengai. Akasema mvua za vuli huwa haba. Wakaezua Jumanne, mafundi watatu, kufikia saa kumi nyumba iko wazi kama sufuria.

Mabati tuliyoagiza hayakuja. Baba yako alikuwa ameagiza geji 28, mwenye duka akaleta 32, yale membamba ya kupinda kwa kidole, akitumaini hakuna atakayeangalia. Baba yako aliangalia. Akayarudisha yote. Sasa hapo, mwanangu, mimi mwenyewe hujipinga: alikosea kuezua, lakini hakukosea kuyarudisha. Angeyapokea tungelala pakavu Jumatano ile na kuvujiwa miaka kumi baadaye. Hili paa lililo juu yangu ninapoandika halijawahi kuvuja hata tone. Nasema haya ili usidhani naandika kesi ya upande mmoja.

Basi Jumatano usiku ikaja. Haikuwa mvua, yalikuwa maji yaliyoamua kuhamia kwetu. Dari ikalainika kama uji ikaanguka juu ya kochi la harusi yetu. Mitihani ya darasa la saba niliyokuwa nasahihisha, madaftari arobaini na ngapi sijui, wino wote ukakimbia. Jirani akaleta lile turubai, mafundi wakarudi na tochi, watu wamejaa uani na miavuli. Nami nikasimama mlangoni na madaftari yangu yaliyolowa, nikamwambia baba yako mbele yao wote: "Si nilisema?"

Maneno mawili. Hakunijibu. Alichukua ufagio akaanza kusukuma maji nje, maji yanaingia, anasukuma, yanaingia.

Nilikuwa nimesema kweli. Hilo sitalirudisha, na mtu akiniuliza leo nitasema Januari. Lakini kutoka usiku ule baba yako hakuniuliza tena jambo lolote la nyumba. Si kwa kisirani, unamjua hana kisirani. Aliacha tu. Rangi ya sebule aliichagua mwenyewe, ile ya kijani ya hospitali. Na mwaka uliofuata akapigilia rafu ya jikoni. Rafu nzuri, ya mbao ya saiprasi, ameilainisha mpaka inang'aa. Ameiweka kwa kimo chake. Nilitoka shule nikaikuta iko juu ya kichwa changu, nikanyoosha mkono, vidole vikafika ukingoni tu. Angeniuliza ningemwonyesha. Ningemwambia angeishusha. Hakuniuliza na mimi sikumwambia, nikanunua stuli. Ile stuli mliyokuwa mkigombania kukalia.

Nakuandikia haya kwa sababu unataka niseme "usivunje," uende ukamwambie mkeo "Mama amesema." Hapana. Fikiria Atieno akipika kwenye jiko hilo miaka ishirini, na kila akiutazama huo ukuta anaona sura yangu.

Ukiniuliza mimi mwenyewe, bila nyinyi, naona sababu za pande zote. Kaanga omena Kisumu katika nyumba isiyo na ukuta, halafu uje uniambie makochi yananuka nini. Walioujenga ule ukuta hawakuwa wajinga. Moshi na joto vilikuwa na mahali pake. Kisha nakumbuka jikoni mwangu. Nilipika humu mlango umefungwa, nyinyi mkicheka sebuleni na baba yenu, na mimi nikijaribu kukisia kutoka nyuma ya ukuta ni nini kimewachekesha. Nikiuliza, mnasema, "Aa, Mama, ilikuwa tu." Vichekesho vya miaka mingapi vilinipita hivyo? Kwa hiyo Atieno anaposema anataka, yeye akipika, awe anamwona Neema, mimi... Basi. Nimesema sitasema.

Baada ya kusoma ujumbe wako nilimwambia baba yako kuhusu rafu. Nilimwambia tu, wakati wa chai, kwamba iko juu. Akainuka, akaenda akaitazama kama aliyeonyeshwa nyumba ya watu. "Mbona hukusema?" Nikanyamaza. Akaleta futi, akanisimamisha ukutani kama mtoto anayepimwa kimo, akaweka alama ya penseli hapo mkono wangu unapofika. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Alama ipo, rafu bado iko juu. Leo yuko nje anasafisha gata, na mimi sina haraka, stuli nimeizoea, tena sijui ikiondolewa nitaweka nini pale.

Nitumieni picha za darini, mbao zionekane vizuri zinapokaa. Na mwambie Atieno anipigie yeye mwenyewe, wewe ukiwa umetoka nje.

Mama yako.