Nukta ya usiku: piga hodi mapema

Nukta ya Jumamosi ile iliangukia shambani kwa watu, baina ya Jumbi na Tunguu, mwendo wa robo saa kwa pikipiki kutoka kwetu Fuoni. Nilipoiona kwenye simu nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Anayecheza jiohashi, mchezo wa kwenda kwenye nukta ya ramani inayochaguliwa na hesabu kila siku, hapa Unguja atanielewa: nukta ya karibu namna ile ni riziki. Na kwa kuwa mchana wa Jumamosi tulikuwa na harusi ya binamu yetu, mimi na kaka yangu tukapanga kwenda usiku.

Nimetoka usiku mara kadhaa tangu hapo, na wenzangu wameanza kuniuliza nafanyaje. Wengi huuliza tochi gani, programu gani, betri ya namna gani. Hayo nitayagusa. Lakini kilichonifunza zaidi ni namna ya kuingia kwenye ardhi ya mtu kukiwa kiza, na hapo ndipo nitakapokaa sana.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: jiohashi ni kwenda mahali ambapo hakuna mtu aliyepachagua. Mwaka 2008 Randall Munroe, mchoraji wa katuni wa Marekani, alieleza njia hiyo katika katuni namba 426 ya xkcd, katuni zake za mtandaoni. Unachukua tarehe, unaiunganisha na bei ya kufungulia ya kipimo cha Dow Jones cha soko la hisa la New York, unaipitisha yote kwenye hesabu iitwayo MD5. Mfano wake yeye ulikuwa 2005-05-26-10458.68. Hutoka mfululizo wa herufi na tarakimu 32. Nusu yake ya kwanza hugeuzwa desimali ikafuata digrii yako ya latitudo, nusu ya pili ikafuata ya longitudo. Programu ya simu hukufanyia yote hayo, wewe unaona alama tu kwenye ramani. Kila mraba wa digrii moja, yaani kama kilomita 111 kila upande, hupata nukta moja kwa siku.

Mraba wetu watu wa mjini na kusini ni wa 6 kusini na 39 mashariki. Umo Mji Mkongwe, imo Jozani, imo Makunduchi, lakini imo pia Dar es Salaam, na bahari tele. Ukishapita Mahonda kwenda kaskazini umeingia mraba mwingine, ambamo Nungwi imo pamoja na Chake Chake na Tanga. Kwa hiyo siku nyingi nukta huzama baharini au huangukia bara, na wewe unabaki kuitazama. Ikija karibu na kwako, usiiache kwa sababu ya usiku.

Jambo linalotusaidia sisi ni saa. Walio mashariki ya longitudo ya 30 magharibi hutumia bei ya siku iliyotangulia. Soko la New York hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi ya kwao, ambayo kwetu ni saa kumi na nusu alasiri, au saa kumi na moja na nusu katika miezi yao ya baridi. Maana yake nukta ya kesho unaijua leo kabla jua halijatua. Ijumaa ndiyo tamu zaidi: soko halifunguliwi tena mpaka Jumatatu, basi unapata kwa mpigo nukta ya Jumamosi, ya Jumapili na ya Jumatatu. Muda huo ndio mtaji wako. Utumie kupiga hodi.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mtu anayezunguka shamba la mwenzake saa tatu usiku, kwetu ana majina mawili tu: mwizi au mwanga, yaani mchawi. Mwizi wa nazi na ndizi anajulikana anavyopokelewa. Mwanga ni balaa zaidi, maana hata ukijieleza huaminiki. Usijitie katika hali ya kueleza MD5 mbele ya watu waliotoka na mapanga.

Ijumaa ile ile alasiri tulikwenda. Tuliuliza dukani, tukaelekezwa kwa sheha. Swali la kwanza la sheha halikuwa la wizi wala la uchawi. Aliuliza: "Nani kawatuma kupima?" Nikafahamu papo hapo. Sehemu zile ardhi imepanda bei, na kijana mwenye simu anayetafuta nambari za mahali ni ishara ya kwamba kuna mtu anataka kuuza kisichokuwa chake. Tangu siku hiyo neno kupima silitumii kabisa. Nasema ni mchezo, naonesha ramani kwenye simu, naeleza kwamba nukta inachaguliwa na hesabu na kesho itakuwa kwingine. Siweki kijiti, sifungi kitambaa mtini, siandiki kitu kwenye daftari mbele za watu. Ukifanya moja kati ya hayo, nyuma yako utaacha ugomvi usioujua.

Sheha akatupeleka kwa mwenye shamba. Tulimkuta babu barazani anasuka pakacha. Alitusikiliza mpaka mwisho bila ya kuacha kusuka, kisha akauliza mara moja tu:

"Mnakuja lini?"

"Usiku wa Jumamosi, babu, baada ya isha."

"Haya. Karibuni."

Asubuhi yake sheha akanipigia simu. Babu ametusubiri jana mpaka saa tano.

Nilikaa kitako na simu sikioni. Kwa babu siku huanza jua linapokuchwa, na usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Jumamosi ni ule ule wa Ijumaa jioni. Na mimi nimelelewa hivyo hivyo, nyumbani kwetu usiku wa Ijumaa husomwa Yasini, na hakuna asiyejua kwamba huo ni usiku wa baada ya Alhamisi. Lakini nilikuwa na simu mkononi, na simu hubadilisha tarehe saa sita usiku, nami nikazungumza kwa lugha ya simu na mzee wa miaka yake. Kabla ya kwenda harusini nilipita kumtaka radhi. Kandili ilikuwa bado pale barazani, kioo kimeingia weusi wa moshi upande mmoja, na pembeni yake madafu manne aliyotuangulia.

"Sikukasirika," alisema. "Nilidhani mmepata ajali."

Neno hilo lilinichoma kuliko ambavyo angenigombeza. Basi nawaomba: mkiagana na mtu, msiseme usiku wa siku fulani mkaishia hapo. Semeni "kesho, jua likishakuchwa, baada ya isha", au semeni "usiku wa kuamkia Jumapili", na mngojee mpaka mwenyewe alirudie kwa mdomo wake. Na mkumbuke kwamba nukta yenyewe inafuata tarehe ya simu. Ikipiga saa sita usiku, ile mliyoifuata imekwisha na mahali pengine pameshachaguliwa.

Vifaa si vingi. Viatu vya kufunika, maana mawe ya maweni yanakata na nyoka hawaonekani. Tochi ya kichwani ili mikono ibaki mitupu. Ramani ipakue nyumbani, usitegemee mtandao wa shambani. Chaji ijaze, kwa kuwa GPS na tochi ya simu vikiwaka pamoja betri haichukui muda. Mimi ni mwanamke na siendi peke yangu usiku. Hata kaka yangu simshauri aende peke yake. Mama tulimwachia nambari ya sheha na tukamwambia saa: ikifika saa nne hatujapiga, ampigie.

Ikiwa nukta imeangukia ufukweni, hasa upande wa Paje na Bwejuu ambako maji hupwa mbali sana, tazama mwezi kabla ya kitu chochote. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga kabisa, maji hupwa sana kwenye saa nne hivi za usiku, na utatembea kwa miguu mahali ambapo alasiri ngalawa zilikuwa zinaelea. Lakini yanaporudi hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako, na kwa kiza huioni. Muulize mvuvi wa pale pale au mama anayelima mwani, kisha rudi kabla ya saa aliyokwambia. Siku za maji mafu maji hayatoki sana, nukta ya mbali iache.

Turudi shambani. Jumamosi tulifika baada ya isha kama tulivyosema, na safari hii babu alituhakikisha mwenyewe: "Leo ndio leo." Alichukua kandili akaishusha utambi mpaka ikabaki kijimwanga cha rangi ya chungwa, akaishika chini karibu na magoti. Sisi na tochi zetu tulikuwa tunaona duara jeupe mbele na kiza totoro pembeni; yeye alikuwa anaona shamba zima. Macho huhitaji kama nusu saa kuzoea kiza, na kila ukitazama simu inayowaka sana unaanza upya. Punguza mwanga wa simu mpaka mwisho. Mimi niliifunika na mtandio, nikawa nachungulia.

Kaka akaanza kupiga mbinja, babu akamzuia kwa mkono. Usiku haipigwi mbinja. Komba mmoja alilia juu ya mnazi, sauti kama mtoto mchanga aliyeachwa, na mimi niliyezaliwa kisiwani hapa nikamshika kaka mkono.

Chini ya mwembe mkubwa nambari zilianza kucheza: mita 9, 15, 7, 12. Majani mazito hupoteza mawimbi ya satelaiti. Hapo watu wengi huanza kuzunguka zunguka, wakakanyaga mihogo ya watu bure. Simama. Toka kwanza uende mahali unapoona anga, ngoja simu itulie dakika moja au mbili, ndipo uingie tena kwa mstari mmoja ulionyooka. Tulifanya hivyo, nambari ikashuka taratibu mpaka 4. Mbele yetu kulikuwa na safu ya mibono, na babu akasimama.

"Huko si kwangu."

Mibono ilikuwa ndio mpaka. Simu ilikuwa inasema usahihi wake ni mita 6, na kwa kanuni za mchezo, ukiwa ndani ya kiasi hicho unahesabiwa umefika. Kaka alisema yatosha, tupige picha turudi. Babu hakukubali tuondoke na nusu ya safari, wala hakukubali tuvuke. Aliinua kandili, akaita jina la jirani yake mara moja, akanyamaza. Akaita mara ya pili. Hodi ni tatu, na ya tatu isipojibiwa unarudi. Ya tatu ikajibiwa kwa mbali, tochi ikawaka, akaja mtu wa makamo amejifunga kikoi.

"Wanapima?"

"Hawapimi. Wanacheza."

Nilimwonesha simu. Aliitazama muda mrefu, akatazama mguu wake ulipo, akauliza kama nukta iko kulia au kushoto kwake. Kushoto, nikasema. Akasogea kulia akatupisha. Hatua tatu, nambari ikawa 1, na pale palikuwa na kisiki cha mfenesi na majani makavu. Nikapiga picha ya simu yenyewe ikiwa juu ya kisiki, nambari zikisomeka, kwa sababu picha ya kiza peke yake haimwoneshi mtu kitu.

Tuliporudi barazani babu akachukua shoka dogo akaanza kutoboa madafu, na la kwanza akampa jirani. Tulikuwa tunakunywa hivyo, tumesahau kabisa, simu ya babu ikalia. Saa nne kamili. Alikuwa sheha, mama ameshampigia.

"Wapo," babu akamjibu. "Wanakunywa madafu."