Maswali na majibu: Kutoka gitaa kavu kwenda nyuzi 12 za umeme

Shikamoo mwalimu. Napiga gitaa kavu kwenye kwaya ya kanisani hapa Mwanza, huu ni mwaka wa 14. Nimeweka akiba ninunue gitaa la umeme la nyuzi 12. Nitazame nini kwanza: sauti, mbao au jina la kampuni?

Marahaba. Tazama shingo. Nenda dukani na rula, upime upana wa shingo pale kwenye nati, kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji inayopokea nyuzi kabla hazijafika kwenye vigingi. Gitaa lako kavu la nyuzi 6 huenda lina milimita 43 hivi mahali hapo. Gitaa kavu la nyuzi 12 huwa na 47 au 48, kwa sababu nyuzi zimeongezeka maradufu, zimepangwa kwa jozi sita, na vidole vinahitaji nafasi. Wengi hudhani la umeme nalo litakuwa pana hivyo hivyo, na hapo ndipo pesa inapopotea. Rickenbacker 360/12, gitaa ambalo karibu kila mtu analiota anapofikiria nyuzi 12 za umeme, lina milimita 41 na nusu tu. Ni nyuzi 12 zilizobanana kwenye shingo nyembamba kuliko hiyo unayoichezea nyuzi 6 kila Jumapili.

Kampuni hiyo hiyo ina modeli 660/12 yenye milimita 44 na nusu. Tofauti ya milimita 3 unaweza kuipuuza ukiisoma, lakini ukishika kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya A kwa vidole vitatu kwenye freti ya pili, kile kichuma cha pili kinachokatiza shingo, utaielewa mara moja. Gitaa langu la kwanza la aina hii nililinunua kwa kupenda rangi yake. Miezi sita nzima kidole changu cha pete kilikuwa kinagusa jozi ya jirani na kuizima, na sikupata raha nalo hata siku moja. Niliuza. La pili nilikaa nalo dukani karibu saa nzima kabla ya kutoa pesa.

Kwa hiyo fanya hivi: kaa kitako, shika A, kisha D, kisha F ya kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote, na kila kodi uidonoe jozi moja moja, taratibu, usikwangue nyuzi zote kwa mpigo mmoja. Ukikwangua utasikia mlio mtamu hata kama jozi mbili zimekufa. Ukidonoa, ukweli unatoka. Baada ya robo saa jozi zikiwa bado zinazimika, lirudishe ukutani, hata liwe zuri kiasi gani.

Ninalo tayari gitaa kavu la nyuzi 12, na nimelifunga pikapu, kile kinasa sauti, kwenye tundu. Si ni kitu kilekile? (Dodoma)

Hapana, na swali lako ndilo kiini cha mambo yote haya.

Februari 1964 kundi la Beatles la Uingereza walipofika New York kwa mara ya kwanza, mwenye kampuni ya Rickenbacker alimpa mpiga gitaa wao, George Harrison, gitaa la umeme la nyuzi 12. Wakati huo yalikuwa yametengenezwa machache mno. Harrison akalitumia kwenye filamu yao ya mwaka huo huo. Kule Marekani kijana mmoja akaiona filamu hiyo na hakutulia tena mpaka alipopata lake: Roger McGuinn, aliyekuja kuongoza kundi la The Byrds. Ninamtaja kwa sababu alikuwa kama wewe. Alijifunza Old Town School of Folk Music ya Chicago, akapiga banjo na gitaa kavu la nyuzi 12 nyuma ya waimbaji wa nyimbo za kiasili, ndipo akahamia umeme.

Alichofanya ndicho nataka ukishike. Hakuchukua mkwanguo wa gitaa kavu akauingiza kwenye amplifaya. Alishika piki, kile kijiplastiki cha kupigia nyuzi, kati ya kidole gumba na cha shahada, akavaa kucha za chuma kwenye vidole viwili vinavyofuata, akadonoa noti moja moja zikifuatana kama kwenye banjo. Noti zikawa zinapishana hewani bila kuzimana, na sauti hiyo ndiyo iliyotikisa redio mwaka 1965.

Gitaa kavu la nyuzi 12 uzuri wake ni wingi. Kifua cha mbao kinatoa ngurumo, unapiga kodi nzima na inajaza kanisa bila kipaza sauti. La umeme halina ngurumo hiyo. Lina mlio mwembamba, safi, wa kengele. Ukilipiga mkwanguo wa nguvu kama ulivyozoea, unapata kelele isiyo na umbo, na bendi nzima itakutazama. Kama unachopenda ni mkwanguo, baki na gitaa lako na pikapu yako, huna hasara yoyote. Kama unatamani kudonoa mistari inayosikika juu ya ngoma na besi bila spika kuanza kupiga mluzi, hapo ndipo la umeme linapohitajika.

Mimi ni mpiga udi wa taarabu, Mombasa. Nyuzi za jozi si jambo geni kwangu. Je, nitapata shida?

Utapata shida kidogo kuliko wengine, kwa sababu mkono wako wa kulia umeshazoea kupiga nyuzi mbili kama moja. Tofauti ni kwamba kwenye udi kila jozi ina nyuzi mbili za sauti ileile, na ule wa chini kabisa husimama peke yake. Kwenye gitaa la nyuzi 12, jozi mbili zenye sauti ya juu zaidi tu ndizo zenye nyuzi za sauti sawa. Nne zilizobaki kila moja ina uzi mnene na mwembamba, na mwembamba unalia oktava moja juu ya mwenzake, yaani noti ileile ngazi nane juu. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba uzi wenye sauti ya juu kuliko zote haupo pembeni, umejificha katikati, ndani ya jozi ya tatu.

Kuna jambo jingine ambalo mwenye udi atalisikia haraka. Kwenye magitaa makavu na mengi ya umeme, piki ikishuka hukutana na uzi mwembamba kwanza. Rickenbacker wamegeuza: piki inakutana na mnene kwanza, mwembamba unafuata. Sauti yake inakuwa nzito kidogo na oktava inakuja nyuma kama kivuli. Mimi naipenda hiyo ya kugeuzwa, lakini mwenye kutaka mng'ao zaidi ataipenda ya kawaida. Jaribu zote mbili ukiweza.

Nimebakiwa na pakiti mbili za nyuzi za shaba za gitaa kavu la nyuzi 12. Naweza kuzifunga kwenye la umeme? (Arusha)

Usizifunge. Pikapu ya umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya, nayo inasikia chuma na nikeli. Shaba haiisikii. Nyuzi nyembamba zisizozungushiwa zitalia kwa nguvu na zile nene zitasikika kwa mbali. Nunua pakiti ya nikeli, na ya saizi nyepesi, inayoanzia 10 na kuishia 46 (namba hizi ni unene wa uzi kwa elfu za inchi). Ongeza uzi mmoja wa akiba wa namba 8, ule wa oktava ya jozi ya tatu, maana ndio unaokatika kabla ya yote.

Nairobi kuna mtu anauza la mkono wa pili, Fender ya muundo wa zamani. Nikaguaje?

Mwombe ruhusa ya kulipatanisha mwenyewe, nyuzi zote 12, wewe ukiwa umekaa palepale. Hicho ndicho kipimo kikubwa. Anza na uzi mnene wa kila jozi, zima mwenzake kwa kidole, kisha umlete mwembamba kwa sikio mpaka mawimbi kati yao yatulie. Ukimaliza, piga dakika kumi, halafu usikilize tena. Nyuzi zikiwa zimehama zote kwa pamoja, shingo bado inajipanga. Zikiwa zimehama mbili tatu tu, vigingi vimelegea au mifereji ya nati inakaba.

Kisha nenda freti ya 12. Gusa uzi juu yake bila kukandamiza, sikia kengele, halafu ukandamize palepale. Sauti mbili ziwe sawa. Hapa Fender ina sifa: Electric XII waliyoitoa mwaka 1965 ilikuwa na vikalio 12 (vipande ambavyo nyuzi hukalia) kwenye daraja la mwilini, kila uzi na chake, hivyo unaweza kurekebisha mmoja mmoja. Daraja lenye vikalio 6 linabebesha uzi mnene na mwembamba kikalio kimoja, na hawa wawili hawataki urefu uleule. Utaishi na upotofu mdogo kwenye freti za juu. Wengi wameishi nao vizuri, lakini ujue kabla ya kulipa.

Mwisho, laza jicho kwenye shingo kutoka kichwani, kama fundi seremala anavyotazama ubao. Mpindo mdogo wa kwenda mbele ni wa kawaida, na chuma kilicho ndani ya shingo kitaunyoosha. Shingo iliyojisokota iache.

Amplifaya gani? Nahitaji vipedali? (Morogoro)

Amplifaya yoyote yenye sauti safi isiyopasuka. Kipedali kimoja tu kina maana: kompresa. La umeme la nyuzi 12 hulia kwa kishindo kisha likazimika upesi, na kompresa inashusha kile kishindo na kuuvuta mkia wa noti. Studio ndiyo iliyompa McGuinn mlio wake kwa njia hiyo, na mwaka 1988 Rickenbacker walipotoa gitaa lenye jina lake, kompresa waliiweka ndani ya gitaa lenyewe.

Bei imenishinda. Fundi mmoja anasema atanitobolea vigingi sita vya ziada kwenye gitaa langu la nyuzi 6. Nikubali? (Lubumbashi)

Tafadhali usikubali. Shingo ile ilitengenezwa kubeba mvuto wa nyuzi 6. Ukiongeza nyingine 6, itapinda, na nati haitakuwa na nafasi.

Lakini wewe uko Kongo, na Kongo ina dawa yake. Wapiga rumba wana gitaa la mi-composé: uzi wa nne unaondolewa, mahali pake unawekwa mwembamba unaolia oktava moja juu, na ghafla gitaa la kawaida linaanza kumeremeta katikati ya gitaa la solo na la rithimu. Wamarekani nao wana mtindo wao wanaouita wa Nashville, unaokwenda mbali zaidi. Nunua pakiti moja ya nyuzi 12. Chukua zile nyembamba za jozi nne za chini, uzifunge mahali pa nyuzi nne nene za gitaa lako la 6. Nyuzi mbili za juu ziache kama zilivyo. Sasa mweke rafiki mwenye gitaa la kawaida kando yako, mpige kodi zilezile kwa pamoja. Mtasikia nyuzi 12, kila mtu na shingo yake pana ya kutosha, na kwa bei ya pakiti moja. Mimi na mwenzangu tulipiga hivyo harusi nzima, na watu walikuwa wanakuja kutazama ni gitaa gani hilo.